Kuteleza Si Kuanguka: Siku Mbili na Mashabiki wa Barafu huko Kanada

Ndugu msomaji, wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka. Naona waliposema hivyo walikuwa wakifikiria njia ya utelezi wakati wa masika, na mtu aliyejitwika mtungi wa maji. Sidhani kama walipata kuwaza kwamba iko nchi ambayo watu wenye akili zao huvaa viatu vyenye visu vya chuma, huingia juu ya barafu kwa hiari yao, huteleza mbele ya maelfu ya watazamaji, na waamuzi huwaandikia alama. Nchi hiyo ni Kanada, nami nimefika. Leo nataka kukueleza niliyoyaona huko kwa siku mbili za mwezi wa Machi mwaka 2024, na hasa niliyoyasikia. Maana ingawa mchezo ulinipendeza, mazungumzo ya mashabiki wake yalinifundisha zaidi.

Nilikwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Ottawa, mji mkuu wa nchi ile, pamoja na mumewe na binti yao mmoja mwenye umri wa miaka kumi. Dada hufanya kazi ya zamu ya usiku, kutunza wazee. Siku ya tatu baada ya kufika kwangu aliniita jikoni, akasema kwa sauti ndogo, “Kaka, nina shida na mpwa wako.”

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mtoto alianza kuteleza barafuni tangu ana miaka minne, na kila mwaka miguu ilipokua alinunuliwa viatu vingine vya mtumba. Akaupenda mchezo kuliko sikukuu. Basi mwezi wa Februari akaingia katika mashindano madogo ya watoto, akaanguka mara mbili, akawa wa kumi. Nao wote walikuwa kumi. Tangu siku ile alivitia viatu katika mfuko, akautundika nyuma ya mlango, akasema hatavivaa tena.

“Hatumlazimishi,” akasema dada, “lakini nilikuwa nimekwisha nunua tiketi mbili za kwenda Montreal kuona mashindano ya dunia. Nilitaka kwenda naye mimi, na sasa sikupata ruhusa kazini. Nenda naye wewe, kaka. Usimshurutishe kwa neno lolote. Mwache aone tu.”

Nikakubali, ingawa kusema kweli juu ya mchezo ule sikujua lolote. Mimi nilisomea ualimu, na sasa ni karani wa parokia. Mambo yangu ni kalamu na daftari.

MJI WA MFEREJI

Kabla ya safari, yule mtoto alinitembeza mjini. Katikati ya Ottawa hupita mfereji uliochimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832 chini ya usimamizi wa afisa mmoja Mwingereza, John By. Urefu wake wote ni kilomita 202, kutoka Mto Ottawa mpaka mji wa Kingston kwenye Ziwa Ontario. Majira ya joto hupita mashua. Majira ya baridi maji huganda, na tangu msimu wa baridi wa mwaka 1970 kuingia 1971, sehemu ya mjini yenye urefu wa kilomita 7.8 husafishwa ikawa njia ya kutelezea. Watu huenda kazini kwa kuteleza, wazee kwa vijana, kama sisi tunavyokwenda kwa baiskeli.

Lakini nilipofika mimi niliona maji matupu. Nikaelezwa kwamba barafu haifunguliwi mpaka iwe na unene wa sentimita 30 hivi, na kwamba msimu wa baridi wa mwaka 2022 kuingia 2023 haukufikia kipimo hicho hata siku moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu njia ile ianze. Msimu uliofuata, yaani ule uliokuwa ukimalizika nilipofika, ilifunguliwa kwa siku chache tu. Wenyeji walinisimulia habari hizo kwa uso ule ule wanaokuwa nao wakulima wetu wanaposema, “Mwaka huu vuli haikunyesha.”

Kisha mtoto akanipeleka katika jengo la halmashauri ya mji, mlimowekwa vikombe na medali za Barbara Ann Scott, binti wa mji huo, aliyezaliwa mwaka 1928. Mwaka 1947 alikuwa bingwa wa dunia. Aliporudi, watu wa Ottawa walimpa zawadi ya motokaa. Wakubwa wa Olimpiki wakanung’unika, wakisema mchezaji asiyelipwa hana ruhusa ya kupokea mali kama ile. Akairudisha. Mwaka uliofuata, 1948, akashinda medali ya dhahabu ya Olimpiki huko St. Moritz katika Uswisi, ndipo akapewa tena motokaa yake. Alifariki mwaka 2012, na mpaka wakati huo, na hata siku ile tuliposimama pale, hakuna mwanamke mwingine wa Kanada aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki kwa kuteleza peke yake.

“Alikuwa haanguki?” nikamwuliza mtoto.

Akatazama zile medali kwa muda. “Sijui, Mjomba. Hapa wameweka vikombe tu.”

NDANI YA GARI MOSHI

Alhamisi asubuhi, tarehe 21 Machi, tukapanda gari moshi. Kutoka Ottawa mpaka Montreal ni mwendo wa saa mbili hivi. Mashamba yalikuwa yamelala, theluji iliyobaki imeshika vumbi kandokando ya reli, na miti haina hata jani moja. Mtu aliyetoka kwetu angedhani nchi nzima imekufa. Lakini ndani ya behewa letu kulikuwa na uhai mwingi. Tulikuwa tumeketi karibu na watu watatu, na wote watatu walikuwa wakienda tuendako.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyekuwa mwalimu wa shule, akifuma soksi kwa sindano. Wa pili alikuwa mzee mwembamba, zamani fundi wa umeme. Wa tatu alikuwa kijana wa chuo. Nao hawakuwa jamaa, wala majirani. Walifahamiana kwa ajili ya mchezo tu, kama wale wa kwetu wanaokutana chini ya mwembe kubishana juu ya Simba na Yanga. Waliposikia kwamba mimi ni mgeni, wakafurahi kupita kiasi, maana hapana shabiki asiyependa kumpata mtu asiyejua kitu.

Yule mzee ndiye aliyeanza. Akanieleza kwamba mchezo huu una milango minne: wanaume peke yao, wanawake peke yao, wawili wawili wanaorushana na kunyanyuana, na wawili wanaocheza dansi bila kurushana. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole mambo ambayo Wakanada walikuwa wa kwanza kuyafanya duniani.

“Mwaka 1962, mjini Prague, Donald Jackson, kijana wa Oshawa, aliruka mruko uitwao Lutz, akazunguka mara tatu hewani kabla ya kugusa chini. Katika mashindano hapakuwa na mtu aliyewahi kufanya hivyo. Waamuzi walimpa alama sita kamili mara saba. Mimi nilikuwa mtoto kama huyu,” akamwonyesha mpwa wangu. “Wiki ile ile, Maria na Otto Jelinek walishinda kwa wawili wawili. Hao ni ndugu, waliozaliwa Prague hiyo hiyo, wazazi wao wakaikimbia nchi; wakarudi kushinda wakiwa Wakanada.”

Akakunja kidole cha pili. “Mwaka 1978, Ottawa kwetu, na siku hiyo nilikuwamo uwanjani. Vern Taylor akaruka Axel ya mizunguko mitatu. Ujue, bwana, mruko wa Axel huanza mtu akitazama mbele, na humalizika akitazama nyuma. Kwa hiyo kila mara una nusu ya ziada. Mitatu na nusu! Hakupata medali, lakini jina lake limeandikwa. Na mwaka 1988, Kurt Browning akawa wa kwanza kutambuliwa kwamba amezunguka mara nne.”

“Na sasa?” nikauliza.

Kimya kikaingia. Mama akafuma mishono miwili mitatu. “Sasa tunangoja,” akasema.

Nikafahamu baadaye sababu ya kimya kile. Kwa wale wachezao peke yao, Kanada ilikuwa na miaka ya mavuno: Patrick Chan alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 2011 mpaka 2013, na Kaetlyn Osmond, binti wa Newfoundland, alishinda mwaka 2018. Tangu hapo hakuna Mkanada aliyecheza peke yake akarudi na medali ya dunia. Ilikuwa miaka sita ya ghala tupu.

Hata mashindano yale tuliyokuwa tukiyaendea yalikuwa na historia ya kungoja. Yalipangwa kufanyika Montreal mwaka 2020, yakafutwa kwa sababu ya korona. Yule mama alikuwa amenunua tiketi za mara ile pia. Miaka minne akangoja, akanunua tena.

USIKU WA ALHAMISI

Montreal ni mji uliojengwa kisiwani, katika Mto St. Lawrence, na lugha inayotawala humo ni Kifaransa. Kutoka stesheni kuu tulikwenda kwa miguu mpaka ukumbi uitwao Bell Centre, ambao huingia watu zaidi ya elfu ishirini. Tukapanda ngazi mpaka karibu na dari. Chini kabisa barafu ilikuwa nyeupe kama shuka iliyopigwa pasi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya wawili wawili kumaliza mchezo wao. Siwezi kukueleza vizuri, msomaji, jinsi mwanamume anavyomrusha mwanamke hewani akazunguka mara tatu, kisha akashuka juu ya ukingo wa chuma usiozidi upana wa kidole, akaendelea kuteleza mkono umenyooshwa kana kwamba hapana lililotokea. Wengine hawakuweza. Waliwaangukia barafu kwa kishindo kilichosikika mpaka kwetu. Na hapo ndipo nilipoona jambo nisilolitazamia. Mtu alipoanguka, watu wale hawakuzomea. Walianza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, kufuata muziki, mpaka aliyeanguka akainuka na kushika mwendo wake. Nao hawakubagua. Walifanya hivyo kwa Mkanada na kwa mgeni.

Mpwa wangu alinishika mkono wa koti. “Mjomba, wanampigia makofi aliyeanguka?”

“Ndivyo ninavyoona,” nikasema, nikakumbuka onyo la dada, nikanyamaza.

Wakaingia Deanna Stellato-Dudek na Maxime Deschamps, waliokuwa wakiongoza tangu jana yake. Habari ya mwanamke yule ni ya ajabu. Alizaliwa Marekani, akawa mchezaji hodari wa peke yake akiwa msichana, akapata nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2000. Kisha maumivu ya mwili yakamshinda, akaacha. Akafanya kazi nyingine kwa miaka kumi na sita. Yasemekana siku moja katika mazungumzo ya kazini waliulizwa kila mtu angefanya nini kama angejua kwamba hatashindwa, naye jibu likamtoka kinywani kabla hajafikiri: angeshinda dhahabu ya Olimpiki. Akarudi nyumbani akavitafuta viatu vyake vya zamani. Mwaka 2019 akaja Kanada, akaungana na Deschamps. Usiku ule alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Walipomaliza, watu wote walikuwa wamesimama; hata sisi kule juu tulisimama, nami nilipiga kelele ambazo karani hapaswi kuzipiga. Alama zikatoka: 221.56 kwa jumla. Wajapani waliokuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia wakawa wa pili, Wajerumani wa tatu. Kanada ilikuwa haijapata ubingwa wa dunia wa wawili wawili tangu Meagan Duhamel na Eric Radford mwaka 2016, na hapana mwanamke wa umri ule aliyewahi kushinda ubingwa wa dunia katika mchezo huu.

Mpwa wangu hakupiga kelele. Alikuwa akihesabu kwa vidole. “Miaka kumi na sita,” akasema. “Mimi bado sijafika.”

HESABU YA KURUDI

Ijumaa asubuhi tukakutana tena na wale watatu stesheni. Tiketi za siku zote ni ghali, nao walikuwa wanarudi Ottawa kuyaona yaliyobaki katika televisheni. Nilidhani watazungumza juu ya ushindi wa jana. Walizungumza juu yake mpaka gari moshi lilipotoka kisiwani, kisha mama akafungua mkoba, akatoa daftari lenye jalada jekundu, akasema, “Haya. Mwakani.”

Nikashangaa. Kidonda cha furaha kilikuwa bado kibichi, nao wamekwisha kuanza mwaka mwingine! Lakini ndivyo walivyo. Msimu wa mchezo ule huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Julai. Mwisho wa Oktoba huja mashindano ya Skate Canada, yaliyoanza mwaka 1973. Januari mashindano ya taifa. Machi ya dunia. Na Machi ile ya mwaka 2025, mjini Boston, ilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa matokeo yake ndiyo yangeamua kwa sehemu kubwa ni nafasi ngapi kila nchi itapata katika Olimpiki ya mwaka 2026 huko Italia.

“Hawa wa jana watashinda tena Boston,” akasema kijana. “Halafu Italia.”

“Polepole,” akasema mzee. “Kwanza karatasi.” Akanifafanulia: katika mashindano ya dunia wawili waweza kuichezea nchi hata kama mmoja wao si raia wake, katika Olimpiki, sharti wote wawili wawe raia. Na Deanna wakati ule alikuwa bado hajapewa uraia wa Kanada. “Halafu magoti,” akaendelea. “Mwakani atakuwa na miaka arobaini na mmoja. Mimi nilikuwa fundi. Waya uliokwisha kuvutwa sana hauambii siku utakapokatika.”

“Waliyasema hayo mwaka jana,” akasema kijana.

“Na mwaka jana nayo yalikuwa kweli.”

Mama akaandika namba moja mbele ya majina yale, bila kumsikiliza yeyote. Kisha wakaja kwenye dansi. Piper Gilles na Paul Poirier walikuwa wameteleza pamoja tangu mwaka 2011, wamekwisha kupata shaba ya dunia mara mbili, na wangeanza mashindano yao siku ile ile. Hapo hapakuwa na ubishi mkubwa. Mama akasema, “Mwakani wa pili,” akaandika mbili.

Ubishi ulikuja kwa wale wa peke yao. Kijana akasema yako wapi matumaini, iwapo yuko Mmarekani Ilia Malinin, ambaye huzunguka mara nne na nusu, na tangu mwaka 2022 ni yeye tu aliyeweza katika mashindano? Mzee akasema Wakanada ndio waliowafundisha walimwengu kuruka, na sasa wanawatazama wengine. Akataka watoto wafundishwe miruko mikubwa mapema. Mama akaweka kalamu chini.

“Mapema mara ngapi?” akauliza. “Nimefundisha watoto miaka thelathini. Sasa chama cha dunia chenyewe kimepandisha umri: kuanzia msimu ujao hataingia mashindano ya wakubwa aliye chini ya miaka kumi na saba. Nami nasema ni vema. Chan hakuwa bingwa kwa miruko peke yake. Tazama jinsi alivyokuwa akiisukuma barafu, kama mtu anayechora. Hayo hayafundishwi kwa haraka.”

“Basi tutangoja miaka kumi,” akasema mzee.

“Tutangoja.”

Nikamwomba mama ruhusa ya kulitazama daftari lake. Nadhani alitambua jicho la karani. Kila mwaka, mwezi wa Machi au Aprili, aliandika jina la kila Mkanada mkubwa na nafasi anayoitazamia mwaka ujao. Pembeni, kwa wino mwekundu, nafasi aliyoipata kweli. Nikalipitia ukurasa baada ya ukurasa. Aliyokosea yalikuwa mengi kuliko aliyopatia. Akacheka. “Kama ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe, ningejirudisha darasa,” akasema.

Lakini nikaona kwamba majina aliyoyapigia mstari hayakuwa ya washindi. Yalikuwa ya watu walioshika nafasi ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Nikamwuliza sababu.

Akamgeukia mpwa wangu, akachora katika karatasi. “Sikiliza, mwanangu. Nchi ikiwa na mchezaji mmoja tu katika mashindano ya dunia, huyo mmoja hachezi kwa ajili yake peke yake. Akiwa wa kwanza au wa pili, mwakani nchi yake hupeleka watatu. Akiwa kati ya wa tatu na wa kumi, hupeleka wawili. Akiwa wa kumi na moja au nyuma zaidi, mmoja tu. Umefahamu?”

“Nimefahamu.”

“Basi kati ya wa kumi na wa kumi na moja pana mtoto mmoja anayebaki nyumbani. Huenda ana miaka kumi na saba, amefanya kazi tangu utotoni, wazazi wake wameuza walivyo navyo. Wala huyo aliyekuwa wa kumi pengine hamjui hata kwa sura. Hapewi medali, hapigwi picha. Ila amemwachia mwenzake mlango wazi. Mimi nikitazama mashindano, wengine hutazama medali. Mimi natazama mlango.”

Mpwa wangu akaikazia macho karatasi ile. “Wa kumi?” akauliza.

“Wa kumi.”

“Hata kama ameanguka?”

“Mara nyingi ameanguka,” akasema mama. “Ndiyo maana ni wa kumi.”

Hakuna aliyemwambia yule mama habari ya mwezi wa Februari. Nakuhakikishia, msomaji, kwamba mimi sikufungua kinywa.

YALIYOFUATA

Jumamosi tulitazama televisheni nyumbani kwa dada. Gilles na Poirier wakapata medali ya fedha, nyuma ya Wamarekani Madison Chock na Evan Bates. Jumapili jioni nilipokuwa nikifunga mizigo, nikaona ule mfuko haupo nyuma ya mlango. Baba yake alikuwa amempeleka kwenye kiwanja kidogo cha mtaa wao. Nikaenda kwa miguu kuwafuata. Nilisimama kwenye ubao wa pembeni nikamwona anazunguka polepole, anaruka mruko mdogo, anaanguka, anainuka. Nilihesabu mara tatu. Hakuniona, nami sikumwita.

Msimu ule waliouzungumza umekwisha kupita, nami niliufuata kutoka huku kwetu kadiri nilivyoweza. Karatasi za mzee zilipatikana: Deanna alipewa uraia wa Kanada mwezi wa Desemba mwaka 2024. Lakini Boston, mwezi wa Machi mwaka 2025, yeye na Deschamps hawakushinda. Walikuwa wa tano. Gilles na Poirier wakapata fedha tena. Kwa hiyo, ikiwa yule mama hakubadili alichokiandika, katika hayo mawili alipatia moja, akakosa moja. Naamini alichukua wino mwekundu, akaandika tano mahali pake, akafungua ukurasa mpya.

Na mpwa wangu? Dada aliniandikia kwamba mwezi wa Februari uliofuata aliingia tena katika mashindano ya watoto. Walikuwa kumi na wawili. Alianguka mara moja, akawa wa saba. “Kaka,” akaandika, “amerudi nyumbani na daftari jekundu. Ameandika majina ya wenzake wote wa kiwanjani, na nafasi anazowatazamia mwakani. Lake ameliweka la mwisho.”

Ndugu msomaji, sisi hatuna barafu, na wengi wetu hatutaiona ila katika bilauri. Lakini kila mmoja wetu amepata kushiriki katika jambo ambalo hakuwa wa kwanza wala wa pili: shuleni, shambani, kazini. Tukirudi nyumbani na nafasi ya kumi, twadhani hatukuleta kitu. Mimi tangu safari ile sisemi hivyo tena. Nikiandika majina katika madaftari yangu hapa ofisini, mara nyingine hujiuliza ni nani kati ya hawa aliyemwachia mwenzake mlango wazi, wala mwenyewe hana habari.